Kitanda cha mtoto mchanga: pima kwa rula kabla hujalipa

MamaWawili wa Mbagala

Habari zenu akina mama, akina baba na nyote mnaosubiri mgeni nyumbani.

Wiki hii nimeona watu watatu wakiuliza wapi watapata kitanda kizuri cha mtoto kwa bei nafuu. Majibu yote waliyopewa ni ya rangi, lesi na mito. Nimeshindwa kunyamaza. Naomba mnivumilie, nina maneno marefu kidogo.

Mwanangu wa kwanza nilimnunulia kitanda cha mtumba. Kilikuwa cheupe, kimechongwa maua upande wa kichwani, na kila aliyeingia chumbani alikisifu. Akiwa na miezi saba, mchana mmoja nikiwa jikoni nasonga ugali, nikasikia kilio. Mama anajua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Kile hakikuwa hicho wala hicho. Nilimkuta mwili wote umepita katikati ya fito mbili za ubavuni, miguu inaning'inia nje haigusi chini, kichwa kimebaki ndani, kidevu kimenasa. Nikampakata kwa mkono mmoja kupitia nje ili uzito usivute shingo, nikaita watu. Jirani yangu akaja na msumeno akakata ufito. Mtoto alitoka mzima, ana alama nyekundu tu chini ya taya. Kama ningekuwa nimetoka kwenda dukani kununua chumvi, leo nisingekuwa naandika habari hii hivi.

Baadaye nilipotulia ndipo nikaelewa. Mtoto wa umri ule kichwa chake ni kipana kuliko nyonga zake. Akianza kujisukuma kwa miguu, miguu inapita, nyonga zinajibana zinapita, tumbo linapita, halafu kichwa kinagoma. Hapo uzito wake wote unakuwa umening'inia shingoni.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuangalia ni nafasi kati ya ufito na ufito. Marekani wameweka isizidi sentimita 6. Ulaya wanataka iwe kati ya 4.5 na 6.5. Mimi nashika 6. Kuna wanaoshauri kupima kwa kopo la soda, kwamba likipita hapo nafasi ni kubwa mno. Ushauri ule ulianza wakati makopo yote yalikuwa manene. Siku hizi kuna makopo membamba, hayalingani. Rula ya mwanafunzi ni bei ya pipi, nenda nayo. Na upime kila nafasi, maana ufito mmoja ukilegea hugeuza nafasi mbili kwa mpigo. Vuta kila ufito kwa mkono na uuzungushe. Ukizunguka, achana na kitanda hicho.

Kitu cha pili ni godoro. Liwe gumu. Bonyeza kwa kiganja kisha uondoe mkono: likibaki na shimo, si la mtoto mchanga. Likishaingia kitandani, jaribu kupenyeza vidole kati yake na ubavu wa kitanda. Vidole viwili vikiingia na nafasi ikabaki, godoro ni dogo kwa kitanda hicho, na mtoto anaweza kuingiza uso pale akashindwa kuutoa. Usizibe nafasi hiyo kwa kanga iliyokunjwa. Nenda wanakokata sponji kwa kipimo, wakukatie lingine. Wala usiweke magodoro mawili moja juu ya jingine.

La tatu najua litawaudhi wengi. Ile seti inayouzwa Kariakoo, mto wa kichwani na mito miwili mirefu ya kubana ubavuni, pamoja na vitambaa vyenye sponji vya kufungia kuzunguka fito: ndani ya kitanda cha mtoto mchanga visiwemo. Hata kimoja. Mtoto, shuka iliyobana godoro, basi.

Yaliyobaki nitayaongeza kadiri mtakavyouliza. Huyu wa pili amelala kitanda kilichotengenezwa na fundi wa Keko, nikiwa nimesimama pale na rula yangu. Kilinigharimu 280,000 pamoja na vanishi. Hakina ua hata moja.

Baba Mtarajiwa, Mwanza

Pole sana dada kwa lililokupata, na Mungu ashukuriwe mtoto yupo. Sisi tunatarajia mwezi ujao, ni wa kwanza. Kitanda nimeshanunua, fundi ametengeneza, nimelipa yote. Nimesoma uzi huu nikaamka kwenda kuhesabu fito: ziko kumi kila ubavu. Sijapima bado, rula hakuna humu ndani. Nauliza pia habari ya mbu. Huku ziwani bila chandarua hakulaliki, na mke wangu anataka kile cha mwavuli cha kumfunika mtoto.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, pole. Lakini na mimi niseme langu. Nimezaa sita, nimelala nao wote kitanda kimoja, kanga moja, na wote wako hai, wengine wana wajukuu. Mama akilala na mtoto hata akigeuka anajua. Mtoto kumweka peke yake kwenye tundu la fito usiku kucha, anyonye saa ngapi? Na mto mdogo wa kichwani tuliwawekea ili kichwa kikae sawa, kisiwe bapa upande mmoja. Nyie mnasoma sana mitandaoni.

MamaWawili wa Mbagala

Shikamoo shangazi. Sijasema mtoto apelekwe chumba kingine. Kitanda chake nimekigusisha na changu, usiku nanyoosha mkono tu. Hata madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi sita ya mwanzo, ila juu ya godoro lake mwenyewe. Kunyonya ananyonya kitandani kwangu, akimaliza namrudisha.

Habari ya mto namwachia mwenye taaluma. Nimeona humu kuna muuguzi, naomba atusaidie.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Nipo. Shikamoo shangazi.

Mtoto mchanga shingo yake haina nguvu ya kuugeuza uso kila unapozama. Uso ukilalia kitu laini, iwe mto, blanketi au mdoli mkubwa, anavuta tena hewa ileile aliyokwisha kuitoa. Oksijeni inapungua kidogo kidogo. Mtu mzima angeshtuka, lakini mtoto mchanga wakati mwingine hashtuki. Hapigi kelele, na ndiyo maana mama aliyelala hatua mbili kutoka hapo hasikii kitu. Mto pia unaweza kukunja shingo yake mbele, kidevu kikagusa kifua, na njia yake ya hewa ni nyembamba mno kuvumilia hilo.

Kichwa bapa kinarekebishwa mchana. Mkiwa mnamtazama na yuko macho, mlazeni kifudifudi juu ya mkeka dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Shingo inapata nguvu na kisogo kinapumzika. Usiku mgeuzieni upande wa kuelekeza kichwa, leo aanzie kulia, kesho kushoto.

Na usiku alale chali. Najua wengi wanaogopa kwamba akicheua atapaliwa. Mnaniuliza kila siku wodini. Angalieni maumbile yenyewe: mtoto akilala chali, koo la hewa linakuwa juu na umio wa chakula unakuwa chini yake. Maziwa yakipanda yatarudi chini, yaani kwenye umio. Akilala kifudifudi inakuwa kinyume, umio uko juu na koo la hewa liko chini, na maziwa yakipanda yanasubiriwa na koo la hewa. Ubavu nao haukai, maana mtoto wa ubavu anaishia kupinduka kifudifudi. Akikua akaanza kujipindua mwenyewe pande zote mbili, mlazeni chali na mumwache achague.

Kuhusu kulala naye, shangazi, simlaumu mama yeyote. Ninaloomba ni msilale naye kwenye kochi hata kidogo, hata kwa dakika tano. Pale kati ya mto wa kochi na mwili wa mtu mzima ndipo hatari inapozidi kuliko mahali pengine popote. Pia asilale kitandani na mtu aliyekunywa pombe, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya kumlaza usingizi. Na kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake au na uzito mdogo, basi alale godoro lake mwenyewe bila mjadala.

Kitu kingine nakiona sana: uzi wa hirizi, cheni au ushanga shingoni. Sizungumzii imani ya mtu, kila nyumba ina yake. Nasema wakati wa kulala kivuliwe shingoni, kiwekwe nje ya kitanda. Uzi hunasa kwenye kona ya kitanda.

Fundi Mbao

Mimi ni seremala, mwaka wa kumi na tano huu. Nitazungumza ya kwangu.

Huyo ndugu wa Mwanza mwenye fito kumi, nikupigie hesabu. Vitanda vingi tunavyotengeneza ndani vina urefu wa sentimita 120 na upana 60. Ufito wa kawaida una unene wa 2.5. Fito kumi zinachukua 25, zinabaki 95, na fito kumi zinatengeneza nafasi kumi na moja. Gawa: karibu 8.6 kila nafasi. Hiyo ni kubwa mno. Ukiweka fito 14, zinachukua 35, zinabaki 85, nafasi 15, kila moja inakuwa kama 5.7. Upande wa kichwani na wa miguuni weka fito 7, unapata 5.3. Mpe fundi wako namba hizi. Mafundi wengi si wabaya, tunapunguza fito kwa sababu mteja anavuta bei na kila ufito una matundu mawili ya kutoboa.

Usikubali akwambie ataongeza ufito mmoja katikati ya kila nafasi. Utapata nafasi za sentimita 3, na huko mguu au mkono wa mtoto unaingia na kukwama. Atoe zote, achukue ubao mpya wa juu na wa chini, atoboe upya.

Mengine mtu asiyejua mbao hayaoni. Ufito uingie kwenye tundu na gundi. Nikiona ufito umegongewa msumari kwa nje najua hautamaliza mwaka. Kona za kitanda zisiwe na vichwa vinavyochomoza juu, vile vya kuchonga kama kitunguu, maana nguo ya mtoto ikinasa pale mtoto anajinyonga. Ubao wa kichwani usitobolewe mapambo ya nyota na mwezi, vichwa na mikono huingia humo. Kutoka kwenye chaga hadi juu ya ubavu iwe angalau sentimita 60 godoro likiwa chini kabisa. Mimi chaga nazifanyia ngazi mbili. Mtoto akiwa wa kulala tu zinakaa juu, mama asiumie mgongo. Siku anapoanza kukaa mwenyewe zishushwe, msisubiri asimame ndipo mkumbuke. Akifika urefu wa kama sentimita 90, kitanda hicho si chake tena, atapanda na kuruka.

Mbao: mninga na mtiki ni ghali, ila hazikupi shida. Paina inafaa kama imekauka. Isipokauka, ndani ya miezi mitatu inajikunja, matundu yanapanuka, na fito zinacheza. Piga msasa mpaka upitishe pamba isinase.

Dada wa Leicester

Nipo Uingereza, nimejifungulia huku mara mbili. Nimefurahi muuguzi ameeleza kulala chali, maana huku jambo hilo lina historia ya uchungu. Mtangazaji wa televisheni Anne Diamond alimpoteza mtoto wake Sebastian mwaka 1991, mtoto alilala hakuamka. Baadaye akasikia kwamba New Zealand wameanza kuwaambia wazazi wasiwalaze watoto kifudifudi, akasimama kidete mpaka serikali ikaanzisha kampeni ya kulaza watoto chali Desemba mwaka huohuo. Ndani ya miaka michache vifo vile vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kabla ya hapo wakunga walikuwa wakiwaambia mama zetu huku wawalaze kifudifudi. Kwa hiyo, shangazi, hata wataalamu walikosea wakarekebisha.

Na la mitumba. Kuna vitanda ambavyo ubavu mmoja unashuka na kupanda kama dirisha, mama anaushusha kumchukua mtoto. Zamani ndivyo vilivyopendwa. Vile vishikizo vya plastiki vikichoka ubavu unaachia upande mmoja, inatokea pengo, mtoto anateleza humo. Marekani walihesabu vifo visivyopungua 32 tangu mwaka 2000, wakapiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza kuanzia Juni 2011. Lakini kitanda kilichotengenezwa kabla ya hapo hakijafa, kipo stoo ya mtu, na kinaweza kupanda kontena kuja huko. Ukikuta ubavu unaoshuka, usinunue hata ukipewa bure.

Vile vitambaa vya sponji vya kuzungushia fito, navyo Marekani walivipiga marufuku kwa sheria iliyosainiwa Mei 2022.

Mama Tumaini, Nairobi

Asanteni kwa uzi huu. Mimi kitanda nilitengenezewa Ngong Road, nafasi za fito ziko sawa, lakini nilitaka kuuliza kuhusu rangi. Mtoto wangu ana miezi tisa, anasimama akishika ubao wa juu na anautafuna kama muwa. Rangi imeanza kubanduka.

Fundi Mbao

Mama Tumaini, mbao ya kutafunwa usiipake rangi ambayo hujui kilichomo. Rangi za mafuta zina historia ya kuwekwa madini ya risasi ili zing'ae na kukauka haraka. Risasi ina utamu, mtoto hataitema. Marekani waliizuia kwenye rangi za nyumbani tangu 1978, kwa hiyo ukiona kitanda cha kizamani cha urithi kilichopakwa rangi, kihofie.

Ukitaka kuiondoa usipige msasa ndani ya nyumba, vumbi ndilo baya zaidi. Mpelekee fundi abadilishe ubao wa juu kabisa, aweke mpya uliopigwa msasa tu, au vanishi ya maji. Kitanda kikishapakwa chochote kikae nje kivulini mpaka harufu iishe. Kikinuka, bado.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Nakazia hapo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, soma kopo kama limeandikwa. Mama Tumaini, kama ameshameza vipande, mtaje kwa daktari utakapompeleka kliniki. Kipimo cha damu kipo, na madhara ya risasi kwenye ubongo hayaonekani kwa macho siku ileile.

Ndugu wa Mwanza, sijakusahau. Malaria inaua, kwa hiyo chandarua ni lazima, na kiwe kile chenye dawa anachopewa mkeo kliniki. Kikiwa kipya kianikeni kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kining'inizeni kutoka darini, kishuke kuzunguka kitanda chote, kichomekwe chini ya godoro pande zote nne, kibane. Kisilegee hata kumgusa mtoto, maana mbu anauma kupitia pale ngozi inapogusa neti. Kamba ya kuning'inizia ikae juu, mbali na mkono wake. Kile cha mwavuli kinafaa mchana, mkiwa mnamwona, na kwa mtoto ambaye hajaanza kujipindua. Akishaweza kukivuta, kinamwangukia usoni.

Na joto. Huko kwenu na huku Dar mtoto hahitaji blanketi la manyoya. Mvalisheni nguo moja nyepesi, mkihisi baridi ongezeni nguo, si kumfunika gubigubi. Kugundua kama amezidi joto shika kifuani au shingoni kwa nyuma. Viganja havisemi ukweli, vya mtoto mara nyingi ni baridi. Kitanda kisikae chini ya dirisha lenye kamba ya pazia, wala karibu na ekstensheni ya umeme. Na msianike kanga kwenye ubavu wa kitanda. Mnaanika sana, naziona.

Mwenye Mashaka

Haya yote ni ya wenye nazo. Mimi nimepanga chumba kimoja Tandika, kitanda kimoja, mke na mtoto wa wiki mbili. 280,000 naitoa wapi?

MamaWawili wa Mbagala

Kaka, hongera kwa mtoto. Wala usione umemkosea mwanao. Wafini walianza mwaka 1938 kuwapa mama wenye kipato kidogo mahitaji ya mtoto, na sanduku lao la karatasi ngumu, likiwekwa kagodoro chini, huwa kitanda. Tangu 1949 wanapewa mama wote, tajiri na maskini. Watoto wengi wa kule walilala usingizi wao wa kwanza ndani ya sanduku lile, sakafuni kando ya mama. Kinachomlinda mtoto ni sehemu iliyo tambarare, ngumu, tupu, na yenye kuta asizoweza kupenya. Bei haimlindi.

Kama mna nafasi ya mkeka kando ya kitanda, katisha kipande cha sponji ngumu, kivishe shuka ibane, kiweke sakafuni mbali na jiko, na chandarua kimfunike vizuri. Kama hapana, na lazima alale nanyi, basi mama alale upande wake na mtoto awe upande wa mama, si katikati yenu. Mito yote ipelekwe mbali naye, asifunikwe shuka lenu, na asiwe upande wa ukutani penye pengo. Ukipata hela weka kidogo kidogo. Kabla hajaanza kujipindua utakuwa umefika mahali.

Shangazi wa Tanga

Mwanangu, marahaba. Nimesomewa yote na mjukuu wangu. Hilo la sanduku limenigusa. Sisi mtoto wa kwanza wa dada yangu hakuamka, wakasema ameliwa na jicho baya. Alikuwa amelala juu ya godoro la sufi, jipya, laini, tulilishona wenyewe kwa kumpenda. Sijawahi kuyaweka pamoja mambo hayo mawili mpaka leo.

Muuguzi wa zamu ya usiku

Shangazi, pole. Wala hakuna anayeweza kusema leo ilikuwa ni godoro. Mlilishona kwa kumpenda, na hakuna aliyewaambia vinginevyo.

Baba Mtarajiwa, Mwanza

Nimerudi, siku nne baadaye. Nilinunua rula. Nafasi ya kwanza 8.5, ya pili 8.8, moja karibu na kona ilikuwa 9. Nikakipakia kwenye bajaji nikakirudisha kwa fundi na hesabu ya Fundi Mbao imeandikwa kwenye karatasi. Mwanzo alikataa. Nikamwonyesha post ya kwanza ya dada hapa, akaisoma amesimama mpaka mwisho. Akanambia ana mjukuu wa miezi sita, na kitanda chake alikitengeneza yeye mwenyewe.

Changu amekifanya upya, fito 14. Nilichangia mbao tu, kazi hakutoza. Nimepitisha rula kila nafasi, pana kuliko zote ni 5.8. Kiko uani kivulini, vanishi ilipakwa jana. Mto na vile virefu viwili mke wangu amevirudisha dukani wakambadilishia nepi. Swali moja: bolti za kona nikaze kwa nguvu zote au niache kidogo?

Fundi Mbao

Kaza mpaka kitanda kisitikisike ukikishika kona mbili, usizidishe ukapasua mbao. Halafu rudia baada ya wiki mbili, mbao mpya hutulia na nati hulegea. Baada ya hapo kila mwezi. Na yule mjukuu, cha kwake kimeshafanyiwa?

Baba Mtarajiwa, Mwanza

Alianza nacho kabla ya changu.